Muulize Ami Fundi: Kioo kinatetemeka, angalia mguu kwanza

Jamani salaam. Mwezi huu sijui mmeambizana, barua zote zinauliza kioo cha ndani, kile kidogo cha kuangalia nyuma, hakuna hata mmoja alouliza injini wala breki. Haya, vioo basi.

SUALI: Assalaam alaykum Ami Fundi. Mie nipo Fuoni, babu kaniachia Morris Minor 1000 ya 1962, inatembea alhamdulillah. Shida kioo cha ndani. Kina madoa meusi yameanzia pembeni yanaingia kati, halafu nikiwasha gari kinatetemeka mpaka gari ya nyuma naiona mbili, na usiku ndo balaa kabisa maana hizi Alphard na Noah zikija nyuma na mataa yao meupe mie nabaki kufumba macho. Nimepata kioo cha Vitz kwa mtu wa skrepu, kizima, kina kile kimkono cha usiku. Fundi kanambia tutoboe bati tukifunge, rafiki yangu anasema nikitoboa nimeshaiua gari ya babu. Nimsikilize nani?
*Mjukuu, Fuoni*

JIBU: Waalaykum salaam mjukuu. Msikilize rafiki yako, na huyo fundi mfiche drili mpaka umalize kusoma hapa.

Wewe una maradhi matatu umeyaweka kwenye kapu moja. Kutetemeka ni moja, weusi ni mbili, mataa ya usiku ni tatu, na kila moja lina dawa yake. Kioo cha Vitz kitakutibu hilo la tatu tu, la kwanza kitalizidisha, maana chenyewe kizito kuliko chako na mguu wake, kile chuma kinachokishika kioo, umetengenezwa kuning'inia kwenye kitufe kilobandikwa kwenye windiskrini, haukutengenezwa kukaa kwenye bati la juu kama la Morris. Utamtundikia mzigo mkubwa mtu mwenye kiguu kibovu halafu umwambie asitetemeke.

Tuanze na hilo la kutetemeka, kwani watu wengi wakiona kioo kinacheza wanakimbilia kununua kioo, na kioo hakina kosa lolote. Na si maradhi ya leo haya. Mwaka 1911 kule Indianapolis, Marekani, Ray Harroun alishinda mbio za maili 500 na Marmon yake, wenzake wamepakia fundi wa kuwatazamia nyuma, yeye yuko peke yake na kioo amekifunga juu mbele yake. Watu wakasifu kioo weee, baadae mwenyewe anasema njia ilikuwa ya matofali na kioo kilitetemeka hata haoni kitu ndani yake! Kashinda na kioo asichokiona. Kwa hiyo usione haya, tatizo lako lina zaidi ya miaka 100.

Fanya hivi. Jioni pakitulia egesha gari, washa, iache sailensa, yaani injini izunguke polepole bila kukanyaga mafuta. Angalia kwenye kioo kitu kilichosimama nyuma, nguzo ya umeme au pembe ya nyumba. Kinatetemeka? Sasa chukua kidole kimoja, weka nyuma ya kioo, usisukume, gusa tu. Picha ikitulia ujue mguu umelegea. Isipotulia, unaona mpaka bati lenyewe linatetemeka na kidole chako pamoja, basi kioo kiache, nenda chini kwenye raba za kukalia injini, hizo ndo zimekwisha, maana zikirowa oili miaka na miaka zinakuwa laini kama bajia ya jana. Au sailensa yako iko chini mno, ipandishe kidogo uone. Kuna watu nshawaona wamebadilisha vioo viwili vitatu na raba za injini hawajazigusa.

Kama ni mguu, sehemu za kulegea ni mbili. Ya mwanzo ni skrubu zinazoshika mguu kwenye bati. Zitoe moja moja uzitazame meno. Skrubu za gari za Kiingereza za zamani ni za inchi, sasa fundi aliyepita akipoteza moja anachukua ya milimita kutoka kwenye Toyota anailazimisha, inaingia nusu inakula njia, yaani meno ya ndani ya tundu, na tokea siku hiyo haikazi tena. Ukikuta njia imeliwa usitoboe tundu jipya pembeni, piga tepu, ile ya kuchonga meno ya skrubu, upya tundu lile lile kwa saizi moja juu, tundu linabaki pale pale na mguu unafunika.

Ya pili ni ile gololi inayocheza ndani ya kikombe chake nyuma ya kioo. Ikilika kioo kinainama chenyewe ukipita kwenye shimo. Kuna miguu ina skrubu ya kubana kikombe, ikaze robo mzunguko, jaribu, robo tena. Kama haina, au imefika mwisho, kata kipande cha tyubu ya baskeli, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, tia ndani ya kikombe halafu rudisha gololi. Ukikiona kioo kinageuka kwa taabu kidogo ukikisukuma kwa mkono, hapo ndo penyewe. Mie nshafanya hivi kwenye gari sina idadi na hakuna alorudi.

Haya weusi. Hilo ni bahari hiyo, hatuna la kufanya, tunaishi kisiwani. Nyuma ya kioo pana fedha nyembamba sana imefunikwa kwa rangi, hewa ya chumvi inaingilia ukingoni pale rangi ilipochoka, inaila fedha inakwenda ndani polepole, ndo maana madoa yako yameanzia pembeni. Doa halifutiki, usisugue. Lakini huna haja ya kutupa kitu chote, unabadilisha kioo tu, ganda na mguu vinabaki vya babu.

Kitoe chote gari isimame bila. Kipashe moto ukingo kwa drai ya nywele, ule mdomo wa bati ulokizunguka uinue kidogo kidogo kwa bisibisi bapa ulokifunga kitambaa, usipinde mahala pamoja kwa nguvu, tembea nao mzunguko mzima mara mbili tatu, maana bati la zamani likikunjwa mara moja linakatika. Kioo kikitoka, hata kikivunjika, kiweke juu ya boksi uchore umbo lake na upime unene, umpelekee fundi vioo. Mwambie unataka unene ule ule. Akikupa kinene mdomo hautorudi, akikupa chembamba kitacheza ndani na umerudi kule kule kwenye kutetemeka.

Kabla hujakirudisha, paka rangi ya kucha ukingo wote, mara mbili, iache ikauke baina ya mkono na mkono. Ya mkeo, na muombe kwanza. Ile rangi inafunga mlango wa chumvi. Na nyuma ya kioo bandika plasta pana upana wote, kwani vioo hivi vya kukata si vya gari, kikivunjika usoni mwako vipande vibaki vimeshikwa. Kitu kimoja nakuomba: usitie silikoni inayonuka siki. Ukifungua tyubu ukasikia harufu ya siki ifunge, ile asidi yake inakula fedha, baada ya miezi utaona wingu linatokea katikati ya kioo kipya na utanilaumu mie. Ziko silikoni zisizonuka siki, ulizia hizo.

La usiku sasa. Kile kimkono cha Vitz wengi wanadhani kinaweka giza, hakiweki giza chochote. Kioo chenyewe ni kabari, juu kinene chini chembamba. Mchana unaangalia fedha ya nyuma, inarudisha mwanga karibu wote. Ukivuta kimkono, mwanga wa fedha unapelekwa kwenye silingi huko, wewe unabaki kuangalia uso wa mbele wa kioo peke yake, na huo unarudisha kama asilimia 4 tu. Ndo maana taa za Alphard zinakuwa kama kandili ya mbali. Na ndo maana pia kioo cha kukatwa dukani hakiwezi kazi hiyo hata umbembeleze fundi, kile unene wake sawa juu na chini.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, Morris Minor ndo gari ya mwanzo ya Uingereza kufika milioni moja, na mpaka leo spea zake zinatengenezwa kule, vioo vya ndani vya mtindo wa zamani vyenye kabari na mguu mfupi vinapatikana. Si una jamaa London? Nani Unguja hana jamaa London. Kioo hakizidi sanduku la viatu, atakuja nacho mkononi. Mpe vipimo vya mguu na umbali wa tundu kwa tundu, usimwambie "cha Morris" tu ukanyamaza.

Njia ya pili ni vile vioo virefu vya kubana juu ya kile cha zamani kwa mabano ya mpira. Hapo kabla hujatoa pesa kata boksi, urefu wa sentimita 27 na kimo kama 7, libandike kwa tepu juu ya kioo chako, kaa kwenye siti, funga mlango. Shusha kizuia jua. Kinagonga? Utaona kinagonga, Morris nyembamba ile. Halafu angalia mbele kushoto, boksi limekufichia nini pale njia inapokata? Ukiridhika nunua, lakini chukua kilichonyooka, si kile cha tumbo, kwani cha tumbo kinaonesha vingi ila kila kitu kinaonekana mbali kuliko kilivyo, na wewe na breki zako za dramu unataka kujua gari ya nyuma iko wapi khasa.

Mpaka hapo kioo cha Vitz sikukitaja tena. Mrudishie mtu wa skrepu, au soma barua ya tatu.

SUALI: Fundi mambo. Nina Volkswagen kobe ya 1965, nimeagiza kioo cha ndani chenye kamera mbele na nyuma, kinabanwa juu ya kioo cha gari, skrini kubwa, si mchezo. Nimekichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara alowahi kulitia mwenyewe wa mwanzo, hakiwaki. Kwenye gari ya kaka yangu kinawaka. Fundi umeme anasema tundu bovu, kabadilisha, vile vile. Sasa anataka kubadilisha waya zote.
*Kijana wa Kikwajuni*

JIBU: Kha! Asibadilishe hata waya mmoja. Chukua testa pima betri. Gari yako ya 1965 ni volti 6, kobe walihamia volti 12 baadae, kuanzia modeli ya 1967 kwa baadhi ya nchi na 1968 kwengine. Kile kichwa cha chaja cha kamera kimetengenezwa kwa volti 12 mpaka 24, ukikipa 6 kinakaa kimya kama mtu aloulizwa deni.

Usije ukakata kichwa ukaunga waya moja kwa moja kwenye betri kwa kusema kamera inataka 5 na betri ina 6, tofauti ndogo. Injini ikizunguka na dainamo inachaji hiyo 6 inapanda juu ya 7, kamera inaungua siku hiyo hiyo. Kuna vifaa vidogo vya kupandisha volti 6 kuwa 12, vinaungwa kabla ya tundu, tia na fyuzi yake. Au rahisi kuliko yote tumia pawabenki, ile inatoa 5 safi, ila ukishuka shuka nayo, usiiache kwenye dashibodi na jua hili la kwetu.

Na ntakwambia wenye Morris na Land Rover za zamani, maana najua mtaiga. Gari zenu ni volti 12 lakini Waingereza walikuwa wanaunga positivu kwenye bodi, ndo hiyo "positivu ethi", kinyume na gari za leo. Morris Minor zilikuwa hivyo mpaka mwisho wa uzalishaji. Ukitia tundu la chaja la chuma la kisasa likagusa bodi umeshapiga shoti. Lazima tundu liwe limekaa kwenye plastiki, lisigusane na bati popote, na waya zake zibadilishwe upande. Fundi asiyejua "positivu ethi" ni nini asiguse.

Mengine kuhusu hicho kioo chako, maoni yangu tu: kizito, mguu wa kobe haukutarajia mgeni huyo, kitatetemeka. Kamera utapenda wiki ya mwanzo.

SUALI: Fundi, mie mwalimu wa skuli hapa Wete. Peugeot 404 ya marehemu baba, mguu wa asili wa kioo ulishapotea zamani, fundi akanibandikia kioo cha Vitz kwenye windiskrini kwa supagluu. Kimeanguka mara tatu. Mara ya mwisho nateremka mlima natoka Chake, kikaniangukia mapajani, nikapiga kelele watoto nyuma wakacheka. Nitie gundi gani?
*Mwalimu, Wete*

JIBU: Pole mwalimu, na hao watoto watie adabu. Kabla ya gundi nijibu moja: kilichoanguka ni kioo na kitufe chake, au kitufe kilibaki kwenye windiskrini kioo ndo kikashuka? Kama kitufe kilibaki, basi kimebandikwa juu chini. Kile kitufe kimechongwa, upande mmoja mwembamba. Kioo kinatakiwa kiteremshwe kutoka juu kikwame kwenye upande mpana ulio chini. Kikigeuzwa, kila mtikisiko unakitoa. Hapo hata ukitia gundi ya meli.

Kama kimetoka na kitufe, ni supagluu hiyo. Inashika haraka lakini inakuwa kavu kama ganda la yai, gari ikifungwa juani chuma kinapanuka kivyake na kioo kivyake, inapasuka. Nunua gundi ya vioo vya magari, inakuja na kichupa kidogo cha pili cha kupaka kwanza. Zile za kukaushwa kwa taa ya zambarau kama za kucha sizipendi hapa, kwani kama windiskrini yako ni ile ya vioo viwili na utando katikati, utando unazuia ule mwanga ukimurika kwa nje, na gundi inabaki mbichi ndani hujui.

Kazi ifanye asubuhi mapema gari iko kivulini. Kwa nje bandika tepu kuonesha pa kuweka, usikisie. Ndani kwangua gundi ya zamani kwa wembe uloulaza, halafu sugua kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Usitumie dawa ya kusafishia vioo, inaacha utelezi. Kitufe kisugue kwa msasa mpaka king'are, kifute kwa spiriti pia, na baada ya hapo usikiguse kwa kidole, mafuta ya kidole yanatosha kuharibu. Paka kichupa kidogo kioo na kitufe, iache ikauke dakika moja mbili kama ilivyoandikwa, tia gundi tone moja tu, si zaidi, kandamiza dakika nzima bila kutikisa mkono. Kisha iache mpaka kesho. Kesho ndo utundike kioo. Najua watu wanatundika baada ya chai.

Jengine, kama windiskrini ni ile ya zamani ya kioo kimoja kigumu, asije fundi akagongagonga kitufe kwa nyundo kukitoa wala akajaribu kuitoboa. Ile ikishtuka inamwagika yote vipande vidogo vidogo kwa mara moja, na windiskrini ya 404 hapo Pemba utaitafuta mpaka mjukuu wako awe mwalimu.

SUALI: Land Rover ya zamani ya turubai, nabeba mbata na ndizi. Kioo cha ndani kimevunjika. Nitie kipya?
*Mkulima, Donge*

JIBU: Ukipakia unaona nini kwenye hicho kioo zaidi ya ndizi? Pesa hiyo itie kwenye saidimira mbili nzuri, kulia na kushoto, zilokaa kwenye vyuma virefu zipite upana wa mzigo. Cha ndani kitie baadae ukipata cha bei rahisi, siku za kupakia familia.

SUALI: Ami Fundi, natundika tasbihi kubwa ya mbao kwenye kioo cha ndani, mama kanipa. Mke wangu anasema inaniziba. Ina ubaya?
*Mwanakwerekwe*

JIBU: Tasbihi haina ubaya, pahala ndo pabaya. Kitu kinachobembea mbele ya jicho mchana kutwa jicho linakizoea, halafu siku mtoto wa baskeli anatokea upande ule ule inapobembea, humuoni. Na ya mbao kubwa ina uzito, kila breki inauvuta mguu mbele nyuma. Mama hatokasirika ukiiweka kwenye droo ya dashibodi. Kama kioo kimeshaanza kuinama chenyewe, rudi juu kwa mjukuu wa Fuoni, kata hicho kipande cha tyubu.